Mwarobaini umelalia bati, fundi anataka kukata kichwa chote: nimruhusu?

Mkazi wa Ilazo

Wakuu, habari zenu. Nina mwarobaini uani hapa Ilazo, shina lina unene wa sentimita 45 usawa wa kifua. Tawi moja linatokea upande wa nyumba, mita 3 na nusu kutoka chini. Mwanzo wake ni unene wa sentimita 20, na limetambaa juu ya bati kama mita 6. Waya wa TANESCO unaotoka nguzoni kuja kwenye mita umepita karibu na ncha zake, hata mita moja haifiki. Upepo huu wa Agosti ukivuma linakwaruza bati usiku kucha.

Fundi aliyekuja anasema dawa ni kukata kichwa chote libaki shina la mita 4, halafu apake oili chafu. Ni sahihi? Na tawi kama hili linashushwaje bila kutoboa bati? Kivuli chake nakihitaji, jua la Dodoma mnalijua.

Mpogoaji

Mkuu, kichwa kisikatwe. Mwarobaini hautakufa, utachipua sana tu, na shida ndiyo inaanzia hapo. Machipukizi yanayotoka kwenye shina lililokatwa kichwa yameshika kwenye tabaka la juu tu, chini ya gome. Tawi la asili limefungamana na mbao ya shina tangu likiwa dogo. Baada ya miaka 2 au 3 utakuwa na fito ndefu nzito zimeshikilia pembezoni mwa kisiki kinachooza katikati, na mvua za Desemba zikija na upepo ndizo zitakazoshuka juu ya bati. Pia gome lililozoea kivuli likianikwa ghafla juani linababuka. Kwa mara moja usiondoe zaidi ya robo ya majani ya mti mzima.

Sasa tawi lenyewe. Kwa makadirio, mita 6 zenye unene wa wastani wa sentimita 15 ni mbao mbichi ya karibu kilo 100, bado majani na vitawi. Usilikate kwa mkupuo. Anza nchani rudi shinani, vipande vya mita moja. Kipande cha unene wa sentimita 15 ni kama kilo 18, mtu anakimudu. Kikifika sentimita 20 ni kilo 30, hapo kamba ni lazima.

Kila kipande kinene kina mikato miwili. Wa kwanza unatoka chini kwenda juu, kina cha robo hadi theluthi ya unene; msumeno ukianza kubanwa, acha. Wa pili unatoka juu, sentimita 3 hadi 5 mbele ya ule wa kwanza kuelekea nchani. Tawi likishuka, mpasuko unakomea kwenye mkato wa chini. Ukiuruka huo wa chini, tawi linachuna gome la shina kama unavyomenya muwa, na kidonda hicho mti unahangaika nacho miaka.

Kisiki cha mwisho kiache cha sentimita 30, kisha kiondoe kwa mkato wa tatu. Pale tawi linapokutana na shina utaona uvimbe wenye mikunjo ya gome. Hiyo ni shingo ya tawi. Kata nje yake tu, usiiguse. Mti hauponyi kidonda kama ngozi yetu. Unakizungushia ukuta kwa ndani na kukifunika kwa mbao mpya kwa nje, na mbao hiyo inaanzia kwenye shingo. Ukikata sawasawa na shina umeiondoa. Ukiacha kisiki kirefu, kinakufa na kuoza kuingia ndani.

Dada wa Kizota

Naunga mkono, ila waya uje kwanza kabla ya msumeno wowote. Watu wengi wanazima meni swichi na kudhani wamemaliza. Meni swichi inazima ndani ya nyumba. Waya kutoka nguzoni hadi kwenye mita unabaki na umeme, na ganda lake likishapigwa na jua miaka mingi linapasuka. Tawi bichi lina maji, linapitisha umeme. Nenda ofisi ya TANESCO, eleza tawi lilipo, waje wazime au waushushe waya siku ya kazi. Hakuna kukata "kidogo tu" wakati unawasubiri.

Halafu ngazi. Isiegemezwe kwenye tawi linalokatwa hata kidogo. Uzito wa nchani ukitoka, sehemu iliyobaki inanyanyuka, ngazi inakosa pa kuegemea na mtu anashuka nayo. Iegemee shina, kichwa chake kifungwe kwa kamba.

Mzee wa Nkuhungu

Mimi nina neno kwa Mpogoaji. Kidonda cha sentimita 20 kwenye shina la 45 ni kikubwa. Si lazima tawi liondoke lote. Muuliza swali atazame: kuna tawi la pembeni linaloelekea juu au mbali na nyumba, kabla ya kufika kwenye bati? Kama lina unene wa angalau theluthi ya lile kubwa, yaani kama sentimita 7, katia hapo. Hilo dogo litachukua nafasi ya ncha na kulisha kipande kilichobaki. Likiwa jembamba zaidi, kipande kitakauka au kitajaa machipukizi.

Kuhusu oili chafu, tumeikuta kwa wazee na nia yake ni mchwa. Lakini oili inaua tabaka hai pembeni ya kidonda, lile lile linalotakiwa kukifunika. Lami na rangi nazo zinafungia unyevu ndani. Mchwa anafuata mbao iliyokufa. Usipomwachia kisiki hana cha kufuata. Kidonda kiache wazi kikauke. Kiangazi hiki ni wakati mzuri, hewa ni kavu na ukungu unaoozesha mbao hauna nguvu.

Mpogoaji

Mzee, nakubali. Likipatikana tawi la namna hiyo, njia yako ni bora kuliko yangu.

Mkazi wa Ilazo

Asanteni sana. Nimetazama: lipo moja linaloelekea juu, mita 2 kutoka shinani, unene sentimita 8. Kamba ifungwe vipi? Nina ya katani. Na fundi anang'ang'ania chenso, ule msumeno wa mashine, akiwa juu ya ngazi.

Mpogoaji

Katani iache, ikishanyeshewa na kuanikwa inaoza ndani huku nje inaonekana nzima. Tafuta ya nailoni au poliesta ya milimita 12 au 14, isiyo na mchubuko. Kamba ipite kwenye panda imara juu ya tawi, halafu ishuke na kuzungushwa shina mara 2 au 3 karibu na ardhi. Msuguano huo ndio unaobeba uzito, si mikono. Mshika kamba avae glavu, asimame mbali na kipande kinaposhukia, na asijifunge kamba kiunoni wala kuizungusha mkononi. Panda ya juu ichague vizuri, maana inavutwa na tawi upande mmoja na kamba upande wa pili, mzigo wake unakaribia mara mbili ya uzito wa kipande. Ikiwa na umbo la V kali na gome limejikunja ndani, au ina ufa unaotoa maji ya kahawia, usiitumie.

Juu ya bati funga kamba mbili, moja karibu na mkato na nyingine kuelekea nchani, kipande kishuke kikiwa kimelala. Ukifunga ya nchani peke yake, kitako kinabembea na kupiga ukuta.

Dada wa Kizota

Chenso juu ya ngazi, hapana. Ncha ya juu ya bao lake, ule ulimi unaozungukwa na mnyororo, ikigusa tawi jingine, mashine inaruka nyuma kumfuata aliyeishika, na kwenye ngazi hana mguu wa kujizuia. Sentimita 15 msumeno wa mkono wenye meno makali unakata bila shida. Panga nalo linaacha kidonda kilichopasukapasuka. Chenso itumike chini kukatakata vipande, na mafuta ya kuchanganya yawe oili ya injini ya mipigo miwili, mililita 100 kwa lita 5 za petroli kama oili yenyewe imeandikwa 50 kwa 1.

Mzee wa Nkuhungu

Majani usiyachome. Yatandaze chini ya mti, unene wa sentimita 10, yasiguse shina. Maji yamwagwe pembezoni mwa kivuli, siyo shinani. Baada ya mwezi mmoja utaona machipukizi kuzunguka kidonda. Yang'oe kwa vidole yakiwa bado laini, acha mawili au matatu yaliyo upande wa jua la alasiri yakinge gome.