Kamati ya ligi mmeleta sheria ya kipa kushika mpira sekunde 8 raundi ya pili, waamuzi hawajui hata kona ipigwe upande gani!

Wakuu, heshima kwenu. Leo nina hasira, mnivumilie.

Ligi ya wilaya (siitaji, wenyewe wanajijua) imeanza Mei. Raundi ya kwanza yote imepigwa kwa sheria za zamani. Julai inaingia, ujumbe mmoja kwenye kundi la WhatsApp la viongozi wa timu: "Kuanzia wikiendi hii sheria mpya za FIFA zitatumika." Basi. Hakuna karatasi wala semina, hata sheria zenyewe ni zipi hazikutajwa. Na tuanzie hapo hapo: siyo za FIFA, ni za IFAB (bodi ya kimataifa inayotunga sheria za soka), zimepitishwa Belfast tarehe 1 Machi 2025. Miezi minne kamati imelala, inaamka siku ya mechi.

Kinachoudhi zaidi, hakuna aliyewalazimisha. Sheria zilianza 1 Julai 2025, sawa, lakini IFAB wenyewe wameweka wazi kwamba mashindano yaliyoanza kabla ya hapo yanaweza kuzisogeza mpaka mashindano yanayofuata. Ruhusa ya kumaliza msimu kwa sheria zile zile ilikuwepo. Sasa tuna msimamo wenye pointi za aina mbili: kipa wa Juni alilalia mpira hadi refa akamwonea huruma, kipa wa Julai anapigiwa kona dakika ya 89 kwa kosa lile lile, na timu zote mbili zinagombea nafasi moja ya kupanda.

Tuje kwenye sekunde nane zenyewe, maana ndipo vurugu ilipo. Zamani kipa alikuwa na sekunde sita, akizidisha wapinzani wanapewa adhabu isiyo ya moja kwa moja (huwezi kufunga mpaka mwingine auguse mpira) ndani ya boksi. Marefa walikuwa hawaitoi, kwa sababu ni kujitafutia balaa: ukuta wa watu kumi kwenye mstari wa goli, kila mtu anapiga kelele. Ndiyo maana wakaongeza muda na kupunguza adhabu iwe kona. Wazo ni zuri, na walilijaribu kwanza kwenye mechi za vijana Uingereza na kule Malta. Sisi tumejaribia kwenye mechi za kushuka daraja.

Hesabu inaanza kipa akishaumiliki mpira kwa mikono. Haianzi pale mpira unapomgonga kifuani, wala pale anapoupangua. Ukishakuwa kati ya mikono yake, au kati ya mkono na ardhi, umemilikiwa. Kwa hiyo kipa aliyelala juu ya mpira huku ameukumbatia, saa yake inakimbia. Makipa wetu wengi wanadhani ukidundisha mpira chini hesabu inaanza upya. Haianzi. Kudundisha na kurusha juu kidogo kote kunahesabiwa kuwa bado anaumiliki. Akitaka kuikimbia saa auweke chini acheze kwa mguu, ila hapo straika ana haki ya kumvamia, na akiuokota tena ni adhabu isiyo ya moja kwa moja pale pale alipouokotea.

Sekunde tano za mwisho refa anatakiwa anyanyue mkono juu, vidole vitano, akikunja kimoja kimoja. Hapa ndipo marefa wetu wanaboronga. Kipa akidaka, wao wanageuka kukimbilia katikati ya uwanja kusubiri mpira mrefu, wanahesabu wakiwa wamempa kipa mgongo, halafu filimbi inalia ghafla. Sasa kipa ataona vidole wapi? Rudi nyuma ukikimbia kinyumenyume au kiubavu, uso kwa kipa, mkono juu ya kichwa. Usitegemee sauti, kwenye viwanja vyetu mashabiki wako kwenye chaki na ngoma juu.

Na mpigaji hachagui upande wa kona! Inapigwa upande ulio karibu na pale kipa aliposimama wakati filimbi inalia. Kuna refa ameachia timu ichague upande wa winga wao wa mguu wa kushoto, bao likaingia. Kadi ya njano nayo haitoki kwa kosa la kwanza, ni mpaka kipa awe anarudiarudia. Mwingine akamwaga njano papo hapo, ya pili kwa kipa huyo, nje. Timu ikamalizia na beki golini.

Upande wa pili haupigiwi kelele lakini upo: straika akisimama mbele ya kipa kumzuia asiachie, hesabu haiendelei, ni faulo ya straika. Makocha wameshaanza kufundisha ujinga huo, wanatuma mtu akajipange puani kwa kipa ili sekunde ziishe. Refa asiyejua anatoa kona kwa timu iliyofanya kosa.

Makocha wenzangu, kwenye mazoezi gawa hizo sekunde: mbili kuinuka, tatu kufika ukingoni mwa boksi ukiwa umeshatazama mbele, tatu za mwisho kuachia. Mabeki wa pembeni wafunguke mpira ukiwa bado angani kwenda mikononi. Kipa akikosa wa kumpa ndani ya sekunde sita aubutue, asisubiri kidole cha mwisho.

Mengine yamepita kimya. Mpira wa kudondosha (refa anapouangusha kuanzisha tena mchezo aliousimamisha): nje ya boksi sasa anapewa aliyekuwa nao au ambaye ungemfikia kama ni wazi kwa refa, siyo lazima timu iliyougusa mwisho. Ikiwa haiko wazi ndipo unarudi kwa aliyegusa mwisho. Wa akiba anayepasha kando ya mstari akiugusa mpira unaotoka bila nia ya kuharibu mchezo, ni adhabu isiyo ya moja kwa moja, hakuna kadi. Kwetu hii ni kila wiki, wa akiba wanaokota mipira kabla haijavuka, na bado mtu anapewa nyekundu ya hasira.

Penalti ndiyo itakayoua mtu. Baada ya ile ya Julián Álvarez wa Atlético Madrid dhidi ya Real Madrid Machi 2025, iliyofutwa kwa sababu aliteleza akaugusa mpira mara mbili, imeelekezwa hivi: mpigaji akiteleza mpira ukamgonga mguu wa pili bila kukusudia na ukaingia, inarudiwa. Usipoingia, wapinzani wanapewa adhabu isiyo ya moja kwa moja, na kwenye mikwaju ya mwisho inahesabiwa amekosa. Kwetu hakuna VAR (waamuzi wa video), na nukta ya penalti ni shimo la vumbi, kuteleza ni kawaida. Mshika kibendera akae kwenye kona ya boksi na mstari wa goli aangalie kipa na mpira kuvuka, refa abaki na miguu ya mpigaji. Na kabla ya mechi mtu ashindilie hilo shimo, ni jembe na ndoo ya maji tu.

Kamati, mna mambo mawili tu. Rudisheni sheria za raundi ya kwanza mpaka ligi iishe, kwa barua yenye muhuri. Au mtoe ukurasa mmoja wa haya, kamisaa awasomee manahodha, makocha na waamuzi wote wanne pamoja kabla timu hazijaingia, na rufaa za mechi ambazo kona ilipigwa upande usio wake zisikilizwe bila ada. Jumamosi kuna mechi nne, mbili za kushuka daraja.

NYONGEZA: Mdau anauliza kama mkono wa refa usiponyanyuliwa kosa linafutika. Halifutiki, sekunde nane ni sekunde nane. Ila kamisaa aandike kwenye ripoti kwamba ishara haikutolewa, na kapteni ndiye amwendee refa, siyo benchi zima.