Naomba ushauri: wanawake katika utenzi wa Gilgamesh

Habari zenu wakuu. Naandika insha kuhusu utenzi wa Gilgamesh, mfalme wa Uruk, mji wa kale wa Mesopotamia, na nimekwama kwenye hoja kuu.

Wengi husema wanawake humo ni wasaidizi tu wa mashujaa. Mimi naona kila kisa kinapogeuka, mwanamke yupo. Shamhat, kahaba, anamtoa porini Enkidu, mtu wa mwituni anayekuja kuwa rafiki wa Gilgamesh, anagawana naye nguo aliyovaa, anamwambia ale mkate na anywe bia. Mke wa Utnapishtim (mzee aliyeokoka gharika na kupewa uzima wa milele), ambaye hata jina hatajwi, ndiye anayeoka mikate ya kuhesabia siku Gilgamesh alizolala, na ndiye anayemsihi mumewe asimwache mgeni aondoke mikono mitupu. Hilo linanigusa sana.

Kinachonitatiza ni Ishtar, mungu wa kike wa mapenzi na vita. Anataka ndoa na Gilgamesh, anakataliwa kwa matusi, anamshusha Fahali wa Mbinguni ili kulipiza kisasi. Nimsome kama mwanamke anayeadhibiwa kwa kuthubutu kuchumbia, au kama mungu wa vita tu? Na Siduri, muuza pombe: ule wosia wake wa kufurahia mke na mtoto umo kwenye toleo la zamani la Kibabeli, haumo kwenye lile la baadaye la vibao 12 vya udongo. Je, ni halali kuutumia?

Mliosoma fasihi linganishi, nisaidieni tafadhali.