Mama yangu kahudumiwa kwa Kiingereza hapa hapa Arusha. Kawakosea nini?

Wakuu, habari zenu. Nina hasira, herufi zikikosewa mtanisamehe.

Jana nilimshusha bi mkubwa kutoka Poli, kule Meru, kuja mjini kupima macho. Tukamaliza saa saba, njaa inauma, nikasema leo simpeleki kwa mama ntilie, leo akae kwenye kiti chenye mto. Tukaingia mgahawa mmoja si mbali na Mnara wa Saa. Jina silitaji, wenyewe wanajijua.

Akaja mhudumu, kijana wa umri wa mjukuu wake kabisa. Shikamoo hakuna: "Hello mama, how are you today?" Mama akanigeukia, "Anasemaje huyu?" Nikajibu mimi, kwa Kiswahili, kwa sauti, makusudi. Kijana akaendelea na Kiingereza chake kana kwamba nimekohoa. Menyu nayo Kiingereza kuanzia jalada mpaka maji ya kunywa. Mama macho yametiwa dawa ya kupanua mboni, hasomi kitu, ikabidi nimsomee na kumtafsiria. Kumbe hiyo "banana and beef soup" ya elfu kumi na nane ni mtori! Mtori, jamani. Mwanamke aliyewapikia mtori wazazi wa nusu ya kijiji, leo anatafsiriwa mtori.

Meza ya jirani wakakaa Wazungu wawili. Kijana yule yule, meno yote nje: "Jambo! Karibu sana! Hakuna matata!" Yaani Mzungu anapewa Kiswahili, mama yangu anapewa Kiingereza. Na Kiswahili chenyewe cha kuuzia vinyago. Nani kati yetu akikutana na jirani asubuhi anamwambia "jambo"? Sisi ni hujambo, sijambo, na kwa mkubwa ni shikamoo, basi. Yule Mzungu mmoja, dada wa makamo, alipopita kwenda kunawa ndiye aliyeinama kidogo: "Shikamoo mama." Mama akaitikia marahaba, kisha akanitazama mimi. Lile jicho mpaka sasa ninalo.

Nikamvuta kijana pembeni. Hapo Kiswahili kikamtoka, tena cha Chuga, Arusha yetu ya mtaani: "Kaka, siyo mimi. Tumeambiwa mteja yeyote tuanze na Kiingereza, ukijisahau unakatwa mshahara." Kwa hiyo povu langu si lake, ni la bosi wake. Machi 2025 serikali ilipokataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni, menyu za mjini hapa zilihamia kwenye shilingi, dunia haikuanguka. Mstari mmoja wa Kiswahili chini ya jina la chakula ndio unashindikana? Na huu ndio mji wa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tarehe 7 Julai tunapigiana makofi ya Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 8 mama anaulizwa hali yake kwa lugha asiyoijua.

Msiniambie "mji wa utalii". Huyo mtalii kapanda ndege kuja kumwona nani?

(Nami si msafi, najua. Mwanangu wa darasa la tatu yuko inglishi midiamu, akimwambia bibi yake "good morning" nacheka, nasema mtoto ana akili. Hilo nalo nimelifikiria usiku kucha.)

Mtori tuliulia sokoni Kilombero, hapa hapa mjini, bakuli mbili, na shikamoo tulipewa kabla ya kukaa. Sasa mwenye kujua mgahawa wa katikati ya mji wenye viti vizuri na menyu ya Kiswahili aweke hapa, wiki ijayo mama anarudi kuchukua miwani. Wa "mshamba wewe" nanyi karibuni, leo nipo.