Naomba ushauri: hivi goti ni bawaba kweli?

Wakuu, habari zenu. Wiki ijayo nafundisha somo la viungo vya mwili na nimekwama kwenye goti.

Viungo visivyosogea havinipi shida, mifupa ya fuvu la mtu mzima imeshonana, basi. Pingili za uti wa mgongo zina visahani vya gegedu katikati, husogea kidogo tu. Kazi iko kwenye vile vyenye kifuko cha ute. Bega na nyonga ni tufe ndani ya kikombe. Kikombe cha bega hakina kina, ndiyo maana mkono huzunguka sana na bega huteguka upesi kuliko nyonga. Kiwiko ni bawaba kama ya mlango (kile kiungo cha kugeuza kiganja kilicho jirani yake tukiache kwanza).

Sasa goti. Vitabu vingi huliita bawaba. Lakini kaa kitini, kunja goti, shika muundi halafu geuza unyayo kulia na kushoto: utahisi mfupa unazunguka kidogo! Ukilinyoosha, mzunguko unaisha. Ndani mna gegedu mbili za umbo la mwezi mchanga na kano mbili zilizopishana kama msalaba. Bawaba gani hiyo?

Mliowahi kufundisha, niwaambie wanafunzi ni bawaba tu, au niwaonyeshe huo mzunguko hata kama watachanganyikiwa? Na mnatumia kifaa gani? Kwa nyonga nina mpira na bakuli, kwa goti sijapata kitu.