Kilimanjaro kwa siku moja na vijana wa usharika: Mandara na Maundi, tujipangeje?

Katibu wa vijana aliuliza:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Umoja wetu wa vijana unataka kupanda Kilimanjaro kwa siku moja, kwenda na kurudi, kwa njia ya Marangu: geti hadi kambi ya Mandara, kisha kreta ya Maundi, tufanye ibada huko juu na tushuke kabla giza halijaingia. Tuko 24. Wengi ni wa Moshi, saba wanatoka Dar es Salaam na watalala Moshi usiku mmoja tu. Tunafikiria Jumamosi moja ya Februari.

Kikaoni tumebishana mambo manne. Wapo wanaotaka tupande tukiwa tumefunga, kwa kuwa ni safari ya maombi. Dada kadhaa hawavai suruali. Kwaya inataka kubeba spika na ngoma. Na je, tukiondoka Moshi saa 1 asubuhi tutawahi? Naomba majibu ya wanaoijua njia.

Mwongozaji wa Marangu alijibu:

Amina, mpendwa. Naanza na saa, maana ndiyo inayoharibu safari nyingi za vikundi.

Geti la Marangu liko mita 1,870 hivi juu ya bahari, Mandara ni mita 2,720. Ni kilomita 8 za msitu na mnapanda kama mita 850. Mtu mmoja mwenye pumzi anafika kwa saa tatu. Kundi la watu 24 linakwenda kwa mwendo wa aliye nyuma, na kila anayeinama kufunga kamba za viatu anawasimamisha watano, kwa hiyo hesabuni saa nne. Kutoka Mandara hadi ukingo wa Maundi ni dakika 15 hadi 20. Kushuka ni saa mbili na nusu. Halafu getini kuna kujiandikisha na kukagua vibali: saa nzima inakwenda hapo.

Basi saa 1 ni kuchelewa. Kosta iondoke Moshi saa 11:30 alfajiri, mwe getini saa 1, mwingie msituni saa 2. Saa 4 mnapumzika Kisambioni, katikati ya njia. Saa 6 Mandara, saa 6:45 Maundi. Saa 7:45 mmerudi Mandara kula, na saa 8:30 mnaanza kushuka, mpo getini saa 11. Jua linazama karibu saa 12:50 jioni, lakini chini ya miti giza linatangulia. Kila mtu awe na tochi, hata kama hamtaiwasha.

Wekeni saa ya kugeuka: saa 7 mchana. Ambaye hajafika Mandara saa hiyo anashuka na mwongozaji kutoka hapo alipo. Litangazeni getini wakati wote bado wana nguvu. Likisemwa njiani, mtu anaona ameonewa.

Hamruhusiwi kupanda bila mwongozaji mwenye leseni. Kwa watu 24 chukueni angalau watatu: wa mbele, wa katikati na wa mkiani. Wa mbele hapitwi, na hakuna anayebaki nyuma ya wa mwisho. Chakula cha pamoja wapeni wapagazi, na mzigo wa mpagazi mmoja usizidi kilo 20. Malipo ya hifadhi hayafanywi kwa fedha taslimu getini, kwa hiyo kontroli namba iombwe siku kadhaa kabla. Kila mmoja aje na kitambulisho cha NIDA, kwa kuwa kiwango cha raia wa Afrika Mashariki ni tofauti na cha mgeni.

Maji yawe kwenye chupa za kudumu. Chupa za kutumia mara moja hazitakiwi mlimani, na mifuko ya rambo ni marufuku nchi nzima tangu Juni 2019.

Muuguzi alijibu:

Kuhusu kufunga nasema wazi: msifunge siku ya kupanda, wala siku inayotangulia. Kama mfungo ni sehemu ya maandalizi, fungeni Jumatano na Alhamisi, Ijumaa yote mle na mnywe vizuri.

Sababu si kuishiwa nguvu peke yake. Asiyekunywa maji anaumwa kichwa, na anayesumbuliwa na mwinuko naye anaumwa kichwa. Mkiwa mmefunga, kijana akishika kipaji cha uso pale Mandara hamtajua ni kiu, ni njaa au ni mlima, na uamuzi wenu wote unategemea kulijua hilo. Kwenye mita 2,720 oksijeni inayopatikana ni kama robo tatu ya ile ya pwani, na ugonjwa wa mwinuko unaweza kuanza mita 2,500. Wale saba wa Dar ndio wa kuangaliwa zaidi, hasa wakifika Moshi usiku wamechoka na basi.

Kichwa kinauma peke yake: mtu akae, anywe nusu lita ya maji, ale kidogo, asubiri nusu saa bila kupanda zaidi. Paracetamol inaruhusiwa, lakini asiitumie ili apate kuendelea kupanda. Kichwa kinauma na anatapika, anapepesuka au anajibu mambo yasiyoeleweka: anashushwa papo hapo na watu wawili. Aombewe akiwa anashuka, msimweke chini kwanza kwa maombi marefu. Kama mna shaka, mwambieni atembee hatua kumi kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, shukeni naye.

Kwa kila mtu: maji lita 3, mayai mawili ya kuchemsha, ndizi mbivu tatu, chapati mbili au viazi vitamu, na karanga zenye chumvi. Kuleni kidogo kidogo kila saa. Mkishindilia pilau Mandara halafu mkaanza kushuka, tumbo litawasumbua njia nzima. Sanduku la kikundi liwe na pakiti sita za ORS, yaani chumvi ya kurudisha maji mwilini (moja kwa lita moja ya maji), bandeji mbili za kuvuta za kufunga kifundo cha mguu, plasta, na glavu.

Wiki moja kabla, kiongozi mmoja aongee na kila mtu faraghani. Mwenye pumu abebe pampu yake mfukoni, asiiache kwenye begi la mpagazi. Mwenye kisukari, presha au ujauzito amwone daktari kwanza. Mwenye selimundu asipande bila ruhusa ya daktari, kwa sababu oksijeni ikipungua anaweza kupata maumivu makali ghafla.

Dada wa kwaya alijibu:

Sketi inawezekana, ila si kila sketi. Ile ya kugusa kiatu inakunywa maji kuanzia pindo. Tope la msituni ni jekundu na zito, linapanda kitambaa hadi magotini, na kwenye ngazi za magogo mtu anakanyaga pindo lake mwenyewe, zaidi wakati wa kushuka. Sketi iishie katikati ya ugoko, iwe pana, ya kitambaa chepesi kinachokauka haraka, na ndani yake taiti ndefu. Dada hajavunja kanuni yake na mguu uko huru.

Sasa fulana za umoja. Najua mtachapisha, na zitakuwa za pamba. Pamba ikilowa jasho haikauki kwenye ukungu, na Mandara kuna baridi: kila mita 100 mnazopanda joto linashuka kama nusu digrii au zaidi kidogo, kwa hiyo tofauti na Moshi mjini inaweza kuzidi digrii kumi. Pandeni na nguo za michezo, fulana ya umoja ikae kavu ndani ya begi, mbadilishe Mandara kabla ya kwenda Maundi. Mnapata picha nzuri na migongo mikavu kwa mpigo mmoja. Sweta na koti la mvua ni lazima hata Februari.

Viatu visiwe vipya. Kateni kucha za miguu siku mbili kabla: wakati wa kushuka vidole vinagonga mbele ya kiatu, na kucha ndefu inavilia damu. Mnapopanda, kamba zilegee kidogo juu ya unyayo. Mnapoanza kushuka zikazeni kwenye kifundo ili mguu usitelezee mbele.

Mwinjilisti alijibu:

Spika na ngoma ziacheni nyumbani. Ile ni hifadhi, msituni kuna mbega na kima, na Mandara kuna wapandaji waliolala ili waendelee Horombo, kambi inayofuata. Sauti nne bila chombo zinatosha kabisa pale Maundi. Msiwashe mshumaa wala moto wa aina yoyote: moto mkubwa wa Oktoba 2020 ulianzia Whona, mbele ya Mandara kwenye njia hiyohiyo.

Ibada iwe ya dakika 30: nyimbo mbili, somo, neno, maombi. Mkikaa zaidi, jasho linapoa na watu wanaanza kutetemeka. Mhubiri asimame upepo ukimpiga mgongoni, ndipo sauti iwafikie.

Mkipata uwazi, mtaona vilele vya Kibo na Mawenzi upande mmoja na tambarare za Taveta upande mwingine. Kwa neno kuna mengi ya hapohapo. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya mlima huu tarehe 11 Mei 1848, na wataalamu wa Ulaya hawakumwamini. Mchungaji Richard Reusch, Mlutheri, alimkuta chui aliyeganda karibu na ukingo wa Kibo mwaka 1926, na kreta ya ndani ina jina lake. Na mtajeni Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kama mwongozaji wa Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1889. Vijana wengi wanamjua Mjerumani na hawamjui mtu wa kwao.

Katibu wa vijana:

Mbarikiwe sana, hoja ya mfungo imeisha. Moja limebaki: mvua ikianza tukiwa bado getini?

Mwongozaji wa Marangu:

Mvua nyepesi isiwarudishe, msitu ule hunyesha hata kiangazi. Ongezeni nusu saa kupanda na nusu saa kushuka, na muda huo ukatwe kwenye Maundi, yaani ibada ifanyikie Mandara. Mkisikia radi msiende kabisa ukingoni. Pale ni nyasi tupu, na watu waliosimama ndio warefu kuliko kila kitu. Mhubiri aambiwe tangu Ijumaa aandae pia neno fupi la dakika kumi la kusemea Mandara.