Msaada: naandika wasifu wa babu usomwe arobaini, ya jeshini niyawekeje?

Mjukuu wa Newala
Wadau wa kusini salamu. Babu yetu katangulia mbele ya haki, arobaini ndo hiyo inakuja, na wazee wamekaa wakaamua mi ndo niandike wasifu usomwe baada ya hitma. Ya nyumbani nnayo tele, ya kazini pia, alikuwa bwana shamba mpaka anastaafu na kila anayekuja kutoa pole anaanzia kwenye salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Shida ni jeshi. Tunajua alienda vita vya Kagera na medali ipo, bibi kaifunga kwenye kanga kaiweka sandukuni, lakini babu mwenyewe ukimuuliza alikuwa anakujibu "tulienda, tukarudi" afu anakutuma ukaangalie mbuzi. Bibi anachojua aliondoka na mgambo wenzie akarudi kakonda, basi. Nikiandika mstari mmoja wataniona nimemdharau, nikijaza ya kusikiasikia namzushia marehemu. Nifanyeje?

Mzee wa Lindi
Pole sana mjukuu wangu, Mola amrehemu. Usimtungie kitu. We eleza vita ilivyokuwa afu sema na yeye alikuwemo, inatosha. Amin aliingia mwishoni mwa Oktoba 1978 akajitangazia kwamba ardhi yote ya juu ya mto Kagera ni yake, daraja la Kyaka likavunjwa siku hizohizo, Mwalimu akatangaza vita Novemba 2. Jeshi lenyewe lilikuwa dogo kwa kazi ile ndo maana mgambo waliitwa kwa maelfu kutoka kila mkoa, watu wa jembe wanafundishwa harakaharaka wanapandishwa magari. Mutukula ilichukuliwa Januari 79, Masaka Februari, Kampala Aprili 11. Ukipata karatasi yoyote yenye brigedi yake utajua alipita njia ipi. Usipoipata mtafute aliyeondoka naye, kama walitoka kijiji kimoja hawezi kukosekana hata mmoja aliye hai.

Binti Tandahimba
Mi nitawaudhi wazee kidogo, naona jeshi liwe fupi. Vita miezi, ubwana shamba maisha yote! Watoto wa sasa wanaona korosho ina bei wanadhani ilikuwa hivyo siku zote. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000, katikati ya miaka ya 80 haikufika hata 20,000, watu wamehamishiwa vijijini wameacha mikorosho mbali, bei mbovu, na juu yake ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia unakausha maua kabla hayajashika. Watu walikata tamaa mashamba yakawa pori. Sasa fikiria mtu anapita na baiskeli nyumba kwa nyumba anawabembeleza wakapulizie salfa alfajiri umande haujakauka na upepo umetulia, maana jua likipanda vumbi lote linaenda kwa jirani. Bwana shamba wa kwetu alikuwa akirudi mweupe nyusi mpaka viatu, na wazee walikuwa wanamkimbia wakijua kaja kuwaamsha. Andika hiyo, nusu ya waliokaa msibani wamesomesha watoto kwa korosho zile.

Chuno Boy
Pole mkuu. La kuongezea tu, nimeshasikia kwenye msiba mmoja msomaji anasema wenzake marehemu wa Kagera wamelala Naliendele, wazee wakaangaliana. Naliendele, kule Mtwara, ni makaburi ya waliofia ukombozi wa Msumbiji. Wa Kagera wako Kaboya, kule Muleba. Ukitaka kuwataja wenzake usichanganye. Na nyumbani je, alikuwaje? Wasifu mwingi wa misiba ni vyeo na tarehe tu, mtu unatoka hujui hata kama alikuwa anacheka.

Mjukuu wa Newala
Alikuwa anacheka sana, hasa na watoto. Alikuwa anakula na sisi sinia moja, nyama anaisukuma upande wetu anajifanya meno yanamuuma. Na maji, nyie mnajua huku juu maji ni bondeni, alikuwa anafunga madumu kwenye baiskeli anaenda mwenyewe, wanaume wenzie wanamcheka anawaambia ukoo wake wote unakunywa kwa hiyo haoni aibu.

Mzee wa Lindi ahsante, nimempata mmoja, yuko upande wa Kitangari, masikio hayasikii vizuri ila kumbukumbu ipo. Kasema babu alikuwa anabeba masanduku ya risasi, na usiku ndo alikuwa mwandishi wao, wasiojua kuandika wanamsimulia yeye anawaandikia wake zao barua, tena anawaongezea maneno matamu ambayo hawakuyasema. Nimemrudishia bibi hii habari. Kanyamaza, afu kauliza "za wenzie aliandika ngapi? Mbona mi ilinifikia moja, tena ya kuulizia mbuzi?" Hapo ukumbi mzima wa matanga uliangua kicheko. Naiweka kwenye wasifu, bibi kaniruhusu ila kasema nisiisome mbele ya shehe.