Olkaria Spa, Naivasha: nibebe nini?

Wakuu, wikendi hii nataka kuoga maji moto ya Olkaria. Maandalizi?

— Spa iko ndani ya hifadhi ya Hell's Gate, kwa hiyo unalipa mara mbili: kiingilio cha hifadhi, kisha cha bwawa. Cha hifadhi kilipe mapema kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali. KWS (shirika la wanyamapori Kenya) hawapokei pesa taslimu getini. Pete na mikufu ya fedha acha hotelini, gesi ya salfa huifanya nyeusi.

— Nywele ndizo huumia! Silika, madini yaliyomo kwenye maji hayo, ikikauka zinakakamaa kama brashi ya waya. Paka kondishena kabla ya kuingia, zifunge juu. Dakika 15, toka, kunywa maji, ndipo urudi. Mjamzito au mwenye presha amuulize daktari kwanza.

— Harufu ya mayai viza ni kawaida. Ila usizamishe kichwa, macho yatawasha.